Mwaka 1983 katika Uchumi wa Jiji la Dar es Salaam: Operesheni Nguvu Kazi na Ruhusa ya Daladala

Utangulizi

Katika historia ya sera za miji nchini Tanzania, mwaka 1983 una nafasi ya pekee. Ndani ya mwaka huo serikali ilichukua hatua mbili zilizogusa riziki ya wakazi wa Dar es Salaam kwa namna zinazopingana. Kwanza, ilitunga Sheria ya Nguvukazi na kuanzisha operesheni ya kuwakamata na kuwaondoa mjini watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi. Pili, iliruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria jijini, kazi ambayo hadi wakati huo ilikuwa haki ya shirika la umma peke yake. Makala haya yanalinganisha hatua hizo mbili. Hoja yake kuu ni kwamba uchumi wa jiji ulinufaika zaidi pale sera ilipoitambua kazi iliyokwisha kufanywa na wakazi kuliko pale ilipojaribu kuifuta. Hata hivyo, kutambuliwa huko kulipokosa ulinzi wa wafanyakazi, manufaa yake yaligawanywa kwa upogo.

Mji kama mahali pa kudhibiti

Wazo la kumwondoa mjini mtu asiye na ajira rasmi halikuzaliwa na Azimio la Arusha. Serikali ya kikoloni ya Waingereza ilimtazama Mwafrika wa mjini kama mgeni wa muda, ambaye uhalali wa kuwapo kwake ulitegemea ajira. Mwaka 1944 ilitunga sheria iliyowapa watawala uwezo wa kuwarudisha makwao wale iliowaita wenyeji wasiohitajika mijini. Andrew Burton, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2005, ameonyesha jinsi misako ya aina hiyo ilivyorudiwa mara kwa mara bila kuzuia watu kuhamia Dar es Salaam.

Baada ya uhuru, sababu zilibadilika lakini chombo kikabaki. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitahadharisha kwamba maendeleo ya mijini yanaweza kugeuka kuwa unyonyaji wa mkulima, kwa kuwa mikopo inayotumika mijini hulipwa kwa mazao ya vijijini. Tahadhari hiyo ilikuwa na msingi. Lakini ilipotafsiriwa kuwa utawala wa kila siku, ilizaa dhana kwamba muuza karanga, mng'arisha viatu na mchuuzi wa samaki ni wazururaji wanaokwepa jembe.

Wakati huohuo, uwezo wa jiji kujiendesha ulipunguzwa. Chini ya Madaraka Mikoani, sera iliyoanza mwaka 1972, mamlaka za miji zilivunjwa na majukumu yake kuhamishiwa katika mikoa na wilaya. Barabara, mifereji na uzoaji wa taka vilizorota, na mwaka 1978 serikali ililazimika kuzirejesha halmashauri za miji kwa sheria ya mpito, kabla ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982. Idadi ya watu haikungoja. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu wapatao 273,000 jijini. Ile ya mwaka 1978 ilikuta takriban 843,000 katika mkoa wa Dar es Salaam.

Operesheni Nguvu Kazi

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchumi wa taifa ulikuwa taabani. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimemaliza fedha za kigeni, viwanda vilikosa malighafi, na sukari, sabuni na unga vilipatikana kwa foleni. Katika hali hiyo Sheria ya Nguvukazi ilikusudiwa kuhakikisha kwamba kila mtu mwenye uwezo anafanya kazi ya uzalishaji. Mamlaka za mitaa zilitakiwa kuwaorodhesha wakazi na kazi zao, na walioonekana hawana kazi walipaswa kupelekwa mashambani.

Ugumu wa operesheni ulikuwa katika swali lililoonekana jepesi: kazi ni nini? Mishahara ya walioajiriwa haikutosha tena kulisha kaya hadi mwisho wa mwezi. Aili Mari Tripp, katika kitabu chake cha mwaka 1997, ameeleza kwamba kaya nyingi za Dar es Salaam ziliishi kwa miradi midogo: kukaanga maandazi na vitumbua, kufuga kuku, kushona nguo, kuuza mkaa. Aghalabu aliyekuwa na cheti cha ajira alilishwa na mke, mama au mdogo wake ambaye hakuwa nacho. Kwa hiyo kumwondoa mjini asiye na kitambulisho cha kazi kulikuwa ni kuondoa mhimili wa kaya ya aliye nacho.

Matokeo yalifuata mkondo wa misako iliyotangulia. Watu walikamatwa mabarabarani na masokoni na kusafirishwa kwenda vijijini, na wengi wao walirudi baada ya muda mfupi. Mashamba hayakuandaliwa kuwapokea, na sababu zilizowaleta mjini zilikuwa palepale. Lakini utekelezaji wa sheria uliacha kitu ambacho waasisi wake hawakukitilia mkazo. Ili kumtofautisha mchuuzi na mzururaji, mamlaka zilitoa vibali kwa wafanyabiashara wadogo, vikajulikana kama leseni za nguvu kazi. Leseni hizo zilidumu hadi zilipofutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hivyo jina la operesheni iliyokusudiwa kuwaondoa wachuuzi likageuka kuwa jina la karatasi iliyowaruhusu kubaki.

Ruhusa ya daladala

Usafiri wa mjini ulifuata njia nyingine. Baada ya kutaifishwa kwa kampuni iliyokuwa ikiendesha mabasi ya jiji, Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, lilianzishwa mwaka 1974 na kupewa ukiritimba wa kubeba abiria. Jiji lilipanuka kuelekea Manzese, Mbagala na Tandika, lakini uhaba wa fedha za kigeni uliyaacha mabasi mengi gereji kwa kukosa vipuri na matairi. Pengo lilijazwa na taksi bubu na magari mengine yaliyobeba abiria kwa kificho, huku polisi wakiyasaka.

Mwaka 1983 serikali iliyaruhusu magari ya binafsi kufanya kazi hiyo kwa kibali, yakiilipa UDA ada. Nauli ilikuwa shilingi 5, sarafu iliyoitwa dala, na jina la daladala likapatikana. Ruhusa hiyo haikutokana na mabadiliko ya itikadi. Ilikuwa ni kukiri kwamba shirika halikuwa na mabasi ya kutosha. Hata hivyo, matokeo yake yalikuwa mapana. Mfanyakazi aliweza kukaa mbali na kiwanda, mama lishe aliweza kufika Kariakoo alfajiri na kurudi na bidhaa, na mitaji midogo ya wakazi ikapata mahali halali pa kuwekezwa. Dereva, kondakta, fundi gereji na mpiga debe walipata riziki bila serikali kutumia fedha za kununulia mabasi.

Upungufu wa sera ya kuruhusu tu

Ulinganisho huu usieleweke kuwa ni sifa kwa soko lisilo na msimamizi. Matteo Rizzo, katika kazi yake ya mwaka 2017, ameonyesha kwamba wengi wa waliofanya kazi ndani ya daladala hawakuwa na mikataba. Dereva na kondakta walitakiwa kumpelekea mwenye gari hesabu ya kila siku, na kilichozidi baada ya mafuta ndicho kilichokuwa ujira wao. Mwendo wa kasi, kujaza abiria kupita kiasi na kuwakataa wanafunzi, ambao nauli yao ni ndogo, havikuwa matokeo ya tabia mbaya pekee. Vilikuwa zao la mpangilio huo wa malipo. Serikali iliyatambua magari na wenye magari, lakini haikuwatambua walioyaendesha.

Mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi mwaka 2016 katika Barabara ya Morogoro, daladala ziliondolewa katika njia hiyo kuu. Swali la hatima ya wafanyakazi ambao hawakuwa na karatasi yoyote ya kuthibitisha ajira yao lilirudi kwa sura mpya. Wachuuzi nao walipitia mzunguko unaofanana: mwishoni mwa mwaka 2018 wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka walianza kupewa vitambulisho kwa shilingi 20,000, na mwaka 2021 wengi wa waliokuwa wakifanya biashara kandokando ya barabara waliondolewa na kuelekezwa katika maeneo maalumu. Kitambulisho kilitambua biashara, lakini hakikumhakikishia mwenye nacho mahali pa kuifanyia.

Hitimisho

Hatua mbili za mwaka 1983 zilitoka katika serikali moja na katika dhiki moja. Tofauti yake ilikuwa katika namna kila moja ilivyolitazama jiji. Operesheni Nguvu Kazi ilianza na orodha ya kazi zinazokubalika, kisha ikawatafuta watu wasiomo katika orodha hiyo. Ruhusa ya daladala ilianza na hitaji lililoonekana kituoni, kisha ikaihalalisha njia ambayo wakazi walikuwa wameshaibuni. Ya kwanza ilitumia nguvu nyingi na kuishia kutoa leseni. Ya pili ilitumia gharama ndogo na kulisogeza jiji kwa miongo mitatu na zaidi.

Historia hii inaonyesha pia kwamba kuruhusu ni nusu ya sera. Nusu ya pili ni kuamua nani anabeba hasara pale gari linapoharibika, barabara inapopanuliwa au soko linapohamishwa. Katika Dar es Salaam ya baada ya 1983, mara nyingi hasara hiyo ilimwangukia kondakta na mchuuzi, yaani walewale ambao kazi yao ndiyo iliyouendesha uchumi wa jiji wakati mashirika yaliposhindwa.