Salimu, Reki na Hadithi za Nkoma

Wako watu wanaodhani kwamba hadithi za watoto hutoka vitabuni. La hasha! Hadithi hutoka uani, jikoni na bustanini. Kitabu huja baadaye. Ushahidi wa jambo hili niliuona katika kijiji cha Great Missenden, kaskazini-magharibi ya London, kwenye bustani ya marehemu Roald Dahl, mwandishi mashuhuri wa vitabu vya watoto aliyefariki mwaka 1990.

Bustani hiyo ni ya nyumba ya familia, si mali ya umma. Nilibahatika kuingia katika mojawapo ya siku chache ambazo wenyewe waliwafungulia wageni. Humo nilikuta gari la zamani la kukokotwa na farasi, ambamo watoto wake walikuwa wakicheza, na kibanda kidogo cheupe chenye mlango wa njano. Dahl alihamia hapo mwaka 1954. Ndani ya kibanda hicho, akiwa ameketi kwenye kiti kikuukuu na ubao mapajani, aliandika kwa penseli vitabu vilivyosomwa dunia nzima. Vitu vya ndani vilihamishiwa baadaye kwenye jumba la makumbusho lililofunguliwa kijijini hapo mwaka 2005.

Lakini wengi wetu hatujui kwamba bwana huyu alipata kuwa na bustani nyingine hapa hapa kwetu. Mwaka 1938, akiwa kijana wa miaka 22, aliletwa Dar es Salaam na kampuni ya mafuta ya Shell. Alikaa pamoja na Waingereza wenzake wawili katika nyumba ya kampuni iliyotazama bahari, hadi vita vilipozuka mwaka 1939 akaenda kujiunga na jeshi la anga.

Katika kitabu chake cha Going Solo, kilichotoka mwaka 1986, anasimulia kwamba asubuhi moja alikuwa akinyoa ndevu dirishani. Chini yake mtunza bustani, jina lake Salimu, alikuwa akipiga reki njia ya changarawe. Mara Dahl akaona koboko anamjia Salimu kwa nyuma. Akapiga kelele kwa Kiswahili chake cha kubahatisha. Salimu hakukimbia. Aligeuka, akasimama imara, akamwua nyoka kwa reki ile ile.

Dahl alikuwa hodari wa kutia chumvi, nasi tuipokee habari hiyo kwa tahadhari. La kuzingatia ni hili: shujaa wa kisa ni Salimu, ambaye kwa lugha ya wakoloni alikuwa boi wa shamba tu. Leo tunalijua jina lake kwa sababu kijana aliyekuwa dirishani alikuja kuwa mwandishi. Je, Salimu mwenyewe aliwasimulia nini watu wa nyumbani kwake jioni ile? Hapo ndipo tunapopata hasara.

Mimi ni mzaliwa wa Nkoma, katika Bariadi ya zamani, mkoani Simiyu. Kwetu ua wa nyumba ni minyaa, na eneo analojihifadhia mtu ni ngitili, malisho ya kiangazi. Katika ua huo bibi zetu walitusimulia habari za Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote na mifugo yao, akasalia mama mmoja mjamzito aliyejificha kwenye makapi. Mwanawe, Masala Kulangwa, alipokua alilisaka zimwi, akaliua, akalipasua tumbo, na watu wakatoka wazima. Mwaka 1982 Dahl alitoa kitabu chake cha majitu yanayokula watoto, kikapata sifa kubwa. Majitu hayo hayalishindi Shing'weng'we kwa kutisha!

Tofauti ni kalamu. Mtoto wa Kisukuma aliyezaliwa Kariakoo au Temeke anaweza kuyajua majitu ya Dahl, asimjue Masala Kulangwa, na bibi wa kumsimulia yuko mbali, umri nao unamwacha mkono.

Kwa hiyo, wewe unayekwenda likizo kijijini, pamoja na sukari na khanga ya mama, chukua daftari. Keti, uliza, andika, na usisahau jina la msimulizi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hadithi nayo ni mali.