Kinanda, Samba na Kachacha: Ray Lema na Ngoma za Upande Wetu

Hapa Kasaji, ukitaja neno jazz, wazee wanakumbuka mara moja African Jazz ya Kabasele na O.K. Jazz ya Franco: gitaa, sauti tamu, watu wanacheza. Lakini kuna jazz nyingine, ile ya mtu kukaa mbele ya kinanda na kuchanganya mafunzo ya Bach na midundo ya Brazili. Ile wengi wanasema: «Ni mambo ya Wazungu, siye haituhusu.» Katika insha hii tunapenda kuonyesha kwamba inatuhusu, tena sana. Sehemu moja ya njia ya muziki ule ilianzia upande wetu.

Tuanze na mtu. Ray Lema alizaliwa mwaka 1946 Lufu-Toto, katika Kongo ya Chini, pahali pa reli kama vile Kasaji yetu ilivyo ya reli. Akiwa kijana aliingia seminari ndogo, akitaka kuwa padri. Mapadri waliona kipaji chake, wakamfundisha ogani na kinanda: nyimbo za Kigregori, Bach, Mozart, Chopin. Upadri aliuacha, muziki hakuuacha. Mjini Kinshasa alipiga pamoja na wakubwa wa wakati ule, kama Tabu Ley na Abeti.

Mwaka 1974 alipewa kazi iliyobadilisha maisha yake: kuongoza muziki wa Baleti ya Taifa ya Zaire. Ilibidi azunguke inchi, akitafuta wapiga ngoma na waimbaji wa makabila mbalimbali. Huyu aliyejua kusoma noti za Bach akakuta wazee wasiosoma noti hata moja, na bado walikuwa na elimu ambayo seminari haikumpa. Mkono mmoja unapiga hesabu hii, mwingine hesabu ile, na mcheza ngoma anazisikia zote mbili. Alilazimika kuwa mwanafunzi tena.

Baadaye, mwaka 1979, alikwenda Marekani, halafu Ufaransa, ambako alijenga kazi yake. Alitoa albamu nyingi: «Nangadeef» (1989), kazi na sauti za wanawake wa Bulgaria, kazi na Wagnawa wa Moroko, na «Mizila» (2004), ambamo kinanda kiko peke yake. Miaka ile ya karibu na 2010 akapeleka nyimbo zake Brazili, kwa Jazz Sinfônica de São Paulo. Ile ni orkestra kubwa ambamo violini za muziki wa klasiki zinakaa pamoja na tarumbeta na ngoma za jazz. Albamu ikatoka. Mtoto wa Kongo, kinanda cha Ulaya, orkestra ya Brazili: mtu anaweza kufikiri ni vitu vitatu vya mbali vilivyofungwa kwa kamba moja. Sivyo. Ni ndugu waliopotezana.

Kwa sababu gani tunasema ndugu? Tuangalie historia. Brazili ilipokea watumwa wengi kuliko inchi nyingine yoyote ya Amerika, zaidi ya milioni 4, na utumwa ulifutwa kule mwaka 1888. Wengi sana walipakiwa merikebuni Luanda na Benguela, pwani ya Angola. Lakini hawakuwa watu wa pwani tu. Misafara iliingia ndani, ikafika mpaka inchi za Walunda na majirani zao. Watu wale walikwenda mikono mitupu, wamefungwa. Kitu kimoja hakikuweza kunyang'anywa: mdundo uliokuwa kichwani.

Mtaalamu wa muziki kutoka Austria, Gerhard Kubik, aliyeishi na kufanya utafiti Angola ya mashariki na Zambia, aliandika mwaka 1979 kitabu juu ya alama za Angola katika muziki wa watu weusi wa Brazili. Alionyesha kwamba mdundo unaoongoza samba ni uleule unaopigwa katika ngoma ya kachacha, kwa Waluvale, Waluchazi, Watshokwe na Walunda, yaani Angola ya mashariki, Zambia ya kaskazini-magharibi na kusini mwa Katanga. Wasomaji wa hapa wanaelewa: ni siye.

Namna yake ni hii. Gawanya mzunguko mmoja wa ngoma katika sehemu 16 zilizo sawa. Vijiti viwili, vikigonga ubavu wa ngoma, vinalia mara 9 tu. Vipigo vinafuatana kwa hatua ya mbili mbili, isipokuwa pahali pawili ambapo vinakaribiana. Pale pawili ndipo mwili unapovutwa kucheza. Brazili wanaupiga kwa tamborimu, kangoma kadogo ka mkononi, na ukisikia samba ya Rio unausikia.

Mimi mwenyewe nilijaribu. Siku moja tulikuwa tunangoja treni kwa stasioni, na ilichelewa kama kawaida yake. Nilikuwa na samba ndani ya simu, nikamsikilizisha muzee mmoja Mtshokwe aliyekaa karibu. Alinyamaza kidogo, akaokota vijiti viwili, akaanza kugonga kasha la mbao. Hakukosa hata pigo moja. Kisha akaniuliza: «Hii ni kachacha. Bale batu njo nani alibafundisha?» Nikamwambia: «Baba, ni bankambo benu.» Akatikisa kichwa, akasema wajukuu wake hawaijui.

Neno lile la mwisho ndilo linaniumiza. Brazili, baada ya misiba yote ile, wameuhifadhi mdundo, wameufanya fahari ya taifa, na wanaufundisha watoto katika vikundi vyao vya karnavali. Siye tuliobaki nyumbani tunaupoteza kidogo kidogo. Kachacha tuliisikia kwenye sherehe za mukanda, vijana walipotoka tohara. Leo sherehe nyingi zinafanywa kwa spika na muziki wa kununua.

Wengine watasema: basi tuache kinanda na noti, turudie ngoma tu. Hapana. Katanga yetu imekwisha kuonyesha kwamba noti na ngoma zinaweza kukaa nyumba moja. Mwaka 1958, kwaya ya Kamina iliyoongozwa na Padri Guido Haazen ilirekodi Missa Luba: maneno ya misa ya Kilatini, sauti na ngoma za Kiluba. Dunia nzima iliisikia. Lakini tukumbuke pia kwamba kwaya ile iliitwa kwa jina la mfalme wa Ubelgiji. Kazi ilitoka kwetu, jina likawa la mwingine. Njo vile inakuwa kama mwenyewe hajui thamani ya kitu chake.

Basi kijana anayejifunza solfeji na kinanda kwa kwaya ya Jumapili aendelee, ni elimu nzuri. Lakini jioni moja akae pia na muzee mwenye vijiti, ahesabu zile sehemu 16, na azirekodi kwa simu yake pamoja na jina la muzee yule. Ray Lema alihitaji walimu wa namna zote mbili. Walimu wa seminari waliacha vitabu. Wale wa ngoma hawakuandika kitu, na kila mwaka tunazika baadhi yao.