Celeron 300A: prosesa ya bei nafuu iliyoitoa Pentium jasho

Wasomaji huniuliza: nataka kuunda kompyuta yangu ya kwanza ya gemu na pesa ni kidogo, nianze na nini? Mimi huwarudisha mwaka 1998.

Aprili mwaka huo Intel ilitoa Celeron ya kwanza. Bei nafuu, lakini haikuwa na kache ya L2, kwa hivyo ilijikokota. Agosti ikaja Celeron 300A yenye kache ya KB 128 iliyokimbia sawa na prosesa yenyewe. Bei ya jumla: dola 149. Pentium II ya MHz 450 ya mwezi huo huo: dola 669! Kache yake ilikuwa KB 512, ila kwa nusu ya kasi.

Sasa piga hesabu. Mathabodi ilienda MHz 66, mara 4.5, unapata 300. Intel iliifunga hiyo 4.5, lakini si ile 66. Wenye mathabodi kama Abit BH6 waliipandisha hadi 100, wakapata MHz 450. Si kila chipu ilistahimili, ila nyingi zilikubali.

Funzo ni lipi? Kabla ya kulipia jina, uliza mtengenezaji amepunguza nini. Na usibane pesa kwenye mathabodi: bila mathabodi nzuri, 300A ingebaki 300 tu.