Njia Panda ya Sayansi Chini ya Mlima Meru

Wahenga walisema kuwa mchagua jembe si mkulima. Maneno hayo ni ya kweli kwa mvivu apitishaye masika akipima mipini. Walakini mkulima wa miteremko ya Meru, ambaye shamba lake lina mawe ya volkano upande mmoja na udongo mwepesi upande wa pili, ajua kuwa kuna jembe la huku na jembe la kule. Kijana wa Tanzania anayeitaka elimu ya sayansi hukutwa na uchaguzi wa namna hiyo kabla hajauona mlango wa Chuo Kikuu. Akiwa bado na umri wa miaka kumi na sita au kumi na saba, hutakiwa aseme kama atashika fizikia, kemia na hisabati, au kemia na biolojia pamoja na somo jingine, au kama ataiacha njia ya kidato cha tano na kwenda chuo cha ufundi. Jibu lake humfungulia milango na kumfungia mingine.

Katika kurasa hizi twapenda kuitazama historia ya uchaguzi huo kwa jicho la Arusha na nchi ya Meru. Njia panda ilikuwako siku zote, lakini mwenye fimbo ya kuonyesha njia amebadilika. Kwanza fimbo ilikuwa mikononi mwa wageni, kisha ikawa mikononi mwa dola, na sasa imo mikononi mwa kijana mwenyewe. Aliyerithi fimbo yapasa ajue ilikotoka na iliyafanya mambo gani.

Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walifika Meru mwaka 1896, na wawili miongoni mwao, Ewald Ovir na Karl Segebrock, wakauawa Akeri mwaka huo huo. Wenzao walirudi baadaye, wakaweka kituo Nkoaranga mwaka 1902, na kingine kwa Waarusha mwaka 1904. Shule zao zilifundisha kusoma, kuandika, hesabu, dini na kazi za mikono. Serikali ya Kiingereza iliyofuata nayo ilihitaji zaidi makarani, walimu na wasaidizi wa hospitali. Tanganyika haikuwa na chuo kikuu. Kwa mwanafunzi aliyekwisha kupita vichujio vyote, njia nyembamba iliyobaki ilikwenda Makerere, chuo kilichoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi na kufungamana na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949. Julius Nyerere alisoma huko kutoka mwaka 1943 hata 1945. Aliporudi alifundisha biolojia pamoja na somo lisilo la sayansi katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, na mwaka 1952 akapata shahada ya sanaa huko Edinburgh. Mwalimu mmoja kushika sayansi kwa mkono huu na somo lisilo la sayansi kwa mkono ule halikuwa jambo la ajabu wakati ule, kwa kuwa wasomi walikuwa haba na kila mmoja alitwishwa kilichokuwapo.

Mwaka 1951 likatukia jambo lililobadili fikra za watu wa Meru juu ya elimu. Watu wapatao 3,000 waliondolewa Ngare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Wameru walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri hata New York kuyasema malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton. Ardhi haikurudishwa kwa safari ile, lakini sauti ya wanyonge ilisikika duniani. Mambo mawili yalionekana wazi. La kwanza ni kwamba ardhi haiongezeki, na shamba la migomba na kahawa likigawanywa kwa wana na wajukuu hubaki kijisehemu. Basi shule ikawa urithi wa namna mpya. La pili ni kwamba mwenye kuyajua maneno ya sheria alikuwa na silaha. Si ajabu, basi, kama mzazi wa zama zile alimwota mwanawe akiwa wakili kabla ya kumwota akiwa mkemia.

Nchi yenyewe ilianza vivyo hivyo. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961 kilikuwa na kitivo kimoja tu, nacho ni cha sheria. Kutoka mwaka 1963 hata 1970 kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, ambacho kiligawa kazi baina ya nchi tatu: atakaye udaktari alikwenda Makerere, atakaye uhandisi alikwenda Nairobi, na atakaye sheria alikuja Dar es Salaam. Kitivo cha sayansi kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1965, cha udaktari mwaka 1968, cha kilimo huko Morogoro mwaka 1969, na cha uhandisi mwaka 1973. Kijana wa Meru aliyependa mitambo mwaka 1964, kuchagua fani kwake kulikuwa pia kuchagua mpaka wa kuvuka.

Ndipo dola iliposhika fimbo. Mwaka 1964 karo za shule za sekondari zilifutwa, na Mpango wa Maendeleo wa mwaka 1964 hata 1969 uliweka shabaha kwamba ifikapo mwaka 1980 Tanzania iwe na wataalamu wake yenyewe wa kutosha. Serikali ikahesabu wahandisi, waganga na walimu wa sayansi waliotakiwa, ikatoa fedha za masomo kwa hesabu hiyo, na aliyesomeshwa akafungwa na ahadi ya kuitumikia nchi kwa miaka mitano. Mwezi Februari 1967 Azimio la Arusha likatangazwa, na mwezi Machi likafuatwa na maandiko ya Elimu ya Kujitegemea. Baadaye shule za sekondari zikapewa michepuo: huyu kilimo, huyu ufundi, huyu biashara, huyu sayansi kimu. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likaagiza kuwa mtu afanye kazi kwanza ndipo aingie Chuo Kikuu.

Msomaji wa leo aweza kuuona mkono huo kuwa mzito, nao ulikuwa mzito kweli. Kijana aliyefaulu kemia aliweza kupelekwa penye kemia ingawa moyo wake ulikuwa penye ushairi. Lakini haki yataka tuseme upande wa pili. Mkono ulioonyesha njia ndio uliolipa nauli, na mtoto wa mchuma kahawa hakuulizwa baba yake ana nini. Tena mkono ule ulikuwa na swali mbele yake, yaani nchi yahitaji nini. Twaweza kubishana na jibu, ila swali lenyewe lilikuwa la maana.

Katika zama hizo hizo Arusha ilipata daraja lake la pili la kwendea sayansi. Mwaka 1978, kwa ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani ya Magharibi, kilifunguliwa Chuo cha Ufundi Arusha. Kilimpokea mwanafunzi wa kidato cha nne na kumfanya fundi sanifu, yule asimamaye baina ya mhandisi mwenye mchoro na fundi mwenye nyundo. Chuo hakikuwekwa kuwa ukumbi wa kungojea Chuo Kikuu. Kiliwekwa kutoa watu wa kazi. Kwa sababu hiyo watu wengi waliiona njia yake kuwa ya waliokosa kidato cha tano, na dhana hiyo imeishi kuliko sababu iliyoizaa. Sheria ya mwaka 1997 iliyounda Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi ilileta ngazi za tuzo zinazopanda kutoka cheti cha msingi hata shahada, na leo mwenye stashahada yenye wastani wa alama 3.0 aweza kuomba nafasi ya shahada katika fani yake. Chuo chenyewe cha Arusha sasa chatoa shahada.

Hapa yafaa tutazame ng'ambo kidogo. Huko Marekani kilianzishwa mwaka 1901, mjini Joliet katika jimbo la Illinois, chuo cha miaka miwili ambacho mwanafunzi alisoma masomo ya mwanzo ya Chuo Kikuu karibu na kwao. Vyuo vya jinsi hiyo vikaenea, vikaitwa vya jumuiya. Mwanafunzi huchagua huko mkazo wake wa sayansi, na akihamia Chuo Kikuu, masomo yaliyokubaliwa huhesabiwa, naye huweza kuingia mwaka wa tatu. Kwetu jina linalofanana nalo ni la Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975, lakini kazi yake ni nyingine: havikuwekwa kumvusha mtu kwenda Chuo Kikuu. Mwenye stashahada ya ufundi, ambaye amesoma miaka mitatu, kwa desturi huanza mwaka wa kwanza wa shahada, sawa na mwenzake aliyesoma miaka miwili ya kidato cha tano na cha sita. Amepoteza muda kwa hesabu ya kalenda. Lakini amewahi kushika waya wenye umeme na bomba lenye maji, na mwenzake ameyajua hayo kwa chaki.

Leo fimbo imekwisha kuhama tena. Sheria ya mwaka 2004 iliunda Bodi ya Mikopo, na msomi aliyekuwa na deni la utumishi sasa ana deni la fedha. Mwaka 2024 serikali ilitangaza tahasusi mpya za kidato cha tano, na jumla yake ikapanda kutoka 16 hata 65. Kijana hujaza fomu ya uchaguzi angali shuleni, na hupewa nafasi ya kuibadili matokeo yatokapo. Uhuru ni mwingi kuliko ule wa babu yake. Maelezo hayajakuwa mengi kwa kadiri hiyo. Wako wasioambiwa mapema kuwa aliyeacha biolojia ameuacha udaktari, na kwamba aliyeshika kemia, biolojia na jiografia bila ya hisabati ya juu atabisha hodi kwa mhandisi asifunguliwe. Pasipo maelezo, kijana hufuata sifa: fani ya mjomba aliyejenga, fani iliyotajwa harusini, fani ya rafiki aketiye dawati moja naye. Dola ilipoondoa mkono wake iliondoka pia na swali lake, na mahali pa swali pakabaki sifa.

Swali hilo twaweza kulipata wapi? Nchi ya Meru inalo, nalo limo ndani ya kikombe cha maji. Mawe ya volkano ya mlima huu yana madini ya floraidi, na chemchemi na mito mingi hubeba madini hayo kupita kiasi cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani lashauri. Watoto huota meno ya kahawia, na penye kiasi kikubwa zaidi mifupa hupinda. Magadi yanayotiwa katika maharage na makande huzidisha jambo hilo. Kuchemsha maji hakusaidii, kwa kuwa mvuke huondoka na floraidi hubaki. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto wataalamu wametumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe kuchuja maji hayo. Askwar Hilonga, mhandisi wa kemia aliyefundisha katika Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Tengeru, ambayo ilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 2011, alibuni chujio la maji lililopata tuzo ya kwanza ya uhandisi barani Afrika iliyotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza mwaka 2015.

Tukigawe kikombe hicho kwa tahasusi. Mwenye kemia ataeleza madini yanavyoshikwa na mkaa. Mwenye biolojia ataeleza kwa nini jino la mtoto huharibika na la mtu mzima husalimika. Mwenye jiografia ataonyesha ni mwamba gani unaotoa maji mabaya na upi mazuri. Mwenye fizikia na hisabati atapima mkondo na bomba. Na fundi sanifu ndiye atakayelifunga chujio kijijini na kulitengeneza likiharibika, maana chujio lisilo na mtu wa kubadili mkaa wake ni pipa tu. Tahasusi zimetenganisha kile ambacho mlima umekiunganisha. Hapana mmoja wa hawa aliye juu ya mwenziwe, na hapana mmoja awezaye kukisafisha kikombe peke yake.

Hilo ndilo historia yetu inalomwambia kijana aliyeshika kalamu mbele ya fomu. Zama za wageni zilimpa elimu kwa kadiri ya karani aliyetakiwa. Zama za dola zilimpa swali pamoja na jibu lake. Zama hizi zimemwachia kuchagua jibu bila kumpa swali. Hatutaki kuirudisha fimbo kwa dola, wala haitarudi. Lakini mwalimu wa kidato cha tatu aweza kuanza na swali kabla ya fomu kuja, akaonyesha kila tahasusi yafungua mlango upi na kuufunga upi, na akakitaja chuo cha ufundi kwa heshima ile ile anayoitajia shule ya vipaji ya Ilboru. Vyuo vikuu navyo vyaweza kupima alichokwisha kujifunza mwenye stashahada na kukihesabu, ili miaka yake isihesabiwe kuwa hasara. Kijana aliyeiona kazi kwanza huchagua jembe mara moja, kisha akaenda kulima. Na masika ya Meru hayamngojei anayepima mipini.