Bei na Kibali: Bunduki ya Marisawa katika Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

Katika Nyeri, Karatina, Naro Moru na Nanyuki, bunduki ya marisawa, yaani ile inayorusha chembe nyingi ndogo za madini ya risasi kwa mpigo mmoja, ilikuwa miongoni mwa silaha za bei nafuu zaidi ambazo raia angeweza kununua, lakini kwa muda wote wa ukoloni wenyeji wengi wa nchi hiyo hawakuruhusiwa kuimiliki hata kama fedha wangekuwa nazo. Kwa sababu hiyo historia yake haielezeki kwa bei peke yake, kwani kibali ndicho kilichoamua nani aichague dukani, nani aipeleke kwa fundi, na nani anyongwe kwa kupatikana nayo.

Mzizi wa kibali hicho ni mkataba uliotiwa saini Brussels mwaka 1890, ambao, pamoja na kupiga vita biashara ya watumwa, ulizuia uingizaji wa silaha za kisasa katika sehemu ya Afrika iliyo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini ya ikweta, ukayaachia nafasi finyu magobore, yaani bunduki za kushindiliwa baruti kwa mdomo wa mtutu na kuwashwa kwa jiwe la gumegume. Ofisa wa jeshi la Kiingereza, Richard Meinertzhagen, alipofika chini ya Kilima cha Nyeri mwishoni mwa mwaka 1902, na ngome ya serikali ikajengwa hapo, askari wake walibeba bunduki za kutiwa risasi kwa nyuma, ilhali Wakikuyu waliowakabili walitegemea mikuki, simi, pinde na mishale.

Bunduki ya marisawa ilienea pamoja na walowezi, hasa baada ya mpango wa mwaka 1919 uliowagawia mashamba askari wa Kiingereza waliotoka vitani, wengi wao upande wa Nanyuki na Laikipia. Mlowezi aliyekuwa na deni la benki na shamba lisilozaa bado hakuweza kununua bunduki ya kifahari ya London, ambayo mitambo yake hufungwa kwenye mabamba mawili ya ubavuni na kuchongwa nakshi kwa mkono. Aliyoimudu ni ile ya mitutu miwili sambamba kutoka Birmingham, iliyofuata muundo wa Anson na Deeley wa mwaka 1875, ambao uliificha mitambo yote ndani ya kisanduku cha chuma nyuma ya mitutu, ukapunguza idadi ya vipande na kwa hiyo gharama. Mtutu uliopendwa ulikuwa wa kipimo cha 12, maana yake ni kwamba vitufe 12 vya risasi vinavyoenea kipenyo chake huwa na uzito wa ratili moja. Kwa bunduki hiyo kanga na kwale waliwindwa kwa mchezo na kwa kitoweo, na nyani waliovamia mahindi walifukuzwa. Nyati na tembo walihitaji bunduki ya aina nyingine kabisa, yenye mtutu wa mifuo na bei kubwa zaidi.

Aliyenunua bunduki iliyokwisha kutumika alihitaji jicho la fundi, na hapa inafaa kueleza kwa kirefu, kwa kuwa elimu hii imehifadhiwa zaidi mikononi kuliko vitabuni. Kwanza kipande cha mbao cha mbele kiliondolewa na mitutu ikatikiswa kwenye bawaba yake, kwa sababu mchezo wowote ulionyesha kwamba kifungio kimelika. Kisha mitutu ilitolewa, ikaning'inizwa kwa kidole na kugongwa kwa ukucha. Mlio mrefu kama wa kengele ulithibitisha kwamba utepe wa chuma unaoiunganisha haujaachia, na mlio mzito uliokatika ulitangaza kwamba lehemu imefunguka. Ndani ya mtutu vilitafutwa vishimo vya kutu, ambavyo katika nchi ya ukungu na mvua za mlimani huanza upesi bunduki ikihifadhiwa bila mafuta. Mwisho, chini ya mitutu, ilisomwa mihuri ya nyumba ya majaribio ya Birmingham, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1813, ambako kila mtutu hupigwa kwa kishindo kinachozidi kile cha kawaida kabla ya kuuzwa. Mtutu wa zamani uliosokotwa kwa tepe za chuma laini na chuma kigumu, wenye mawimbi ya kupendeza usoni, ukiwa na muhuri wa baruti nyeusi tu, haufai kutiliwa risasi za baruti isiyo na moshi, hata ung'ae namna gani. Vivyo hivyo chumba cha risasi cha milimita 65 hakifai kutiwa risasi ya milimita 70, ingawa risasi hiyo huingia bila kizuizi, na hilo ndilo linaloifanya iwe ya hatari.

Hali ya Hatari iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 iligeuza maana ya silaha hii. Homugadi, yaani walinzi wa vijiji wa upande wa serikali, walioanza na mikuki, walipewa bunduki, nyingi zikiwa za marisawa, kwa kuwa zilikuwa rahisi na hazikudai mafunzo marefu. Msituni, wapiganaji wa Mau Mau, waliopinga utawala wa kikoloni, waliunda zao: bomba la maji likawa mtutu, mti wa msituni ukachongwa kitako, komeo la mlango likanolewa kuwa msumari wa kugonga fataki, na ukanda wa mpira wa ndani wa gurudumu ukalivuta komeo hilo kwa nguvu. Bomba lisilowahi kupimwa na nyumba yoyote ya majaribio lilipasuka mara nyingi na kumjeruhi aliyelishika. Hata hivyo waliolitengeneza, kwa tupa na msumeno, wanastahili kuhesabiwa miongoni mwa mafundi wa bunduki wa nchi hii, na ni dosari kubwa kwamba historia ya ufundi huo huandikwa kana kwamba iliishia kwenye maduka ya Nairobi. Sheria nayo iliifanya risasi moja mfukoni kuwa kosa la kunyongwa. Waruhiu Itote, kiongozi wa wapiganaji hao aliyejulikana kama Jenerali China, alihukumiwa kifo Nyeri mwaka 1954, mashtaka yake yakiwemo kupatikana na risasi, ingawa baadaye alinusurika. Dedan Kimathi, kiongozi mwenzake, aliyekamatwa Tetu tarehe 21 Oktoba 1956, alihukumiwa katika mji huohuo kwa bastola moja na risasi zake, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Mwezi Desemba 1963 wapiganaji walitoka msituni na kukusanyika katika uwanja wa Ruring'u, Nyeri, wengine wakiwa bado na bunduki za kujiundia. Baada ya uhuru kibali kiliacha kufuata rangi, na wakulima na wafanyabiashara wa Kiafrika wakaanza kumiliki bunduki kwa njia halali. Serikali ilipopiga marufuku uwindaji tarehe 19 Mei 1977, bunduki kubwa za wanyama zilipoteza kazi mara moja, ila ile ya marisawa ilibakiwa na matumizi, kwanza kwa ndege walioendelea kuruhusiwa kwa muda, kisha kwa visahani vya udongo vinavyorushwa hewani ili vipigwe. Leo inatawaliwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na bodi ya utoaji leseni. Na kwa kuwa cheti ni cha mtu binafsi, bunduki ya mzee aliyefariki hairithiwi kama shamba, bali mrithi hulazimika kuchunguzwa na kupata cheti chake mwenyewe kabla ya kuipeleka kwa fundi.