Debe, pipa, chupa: Petroli ya Simiyu kabla na baada ya pampu

Agosti ni mwezi mgumu kwa mafuta katika nchi hii. Agosti 2011 kampuni za mafuta ziligoma kuuza, magari yakalala. Agosti 10, 2019 lori la petroli lilipinduka Msamvu, Morogoro, likalipuka na kuua watu zaidi ya 100, wengi wao wakiwa wamekwenda kuchota. Agosti 2023 petroli iliadimika mikoani hadi mdhibiti wa nishati, EWURA, akafungia baadhi ya vituo kwa kuficha mafuta. Na huku Simiyu, Agosti ni mwezi ambao pesa ya pamba bado iko mfukoni: fuso zinapishana kwenda kwenye vinu, bodaboda hazilali, harusi haziishi. Watu wanasafiri kuliko wakati wowote wa mwaka. Ndipo ugomvi wa chupa unaporudi.

Chupa yenyewe mtu wa Bariadi hahitaji kuelezwa. Ni ile ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu, imetiwa petroli hadi karibu na shingo, imesimamishwa juu ya kigoda kando ya barabara. Mwenye nayo yuko dukani anauza sabuni na vocha. Pikipiki ikisimama anatoka na chombo cha kumiminia alichokitengeneza kwa kukata chupa nyingine katikati, anatandika kitambaa mdomoni mwa tangi kuzuia takataka, anamimina polepole. Muuzaji mzoefu huziweka chupa zake kivulini, kwa sababu jua la saa nane likizipiga zinavimba tumbo. Mbele ya sheria biashara hii haipo: petroli huuzwa kwenye kituo chenye leseni. Mbele ya mwanakijiji, hicho kigoda ndicho kituo.

Wanaopiga vita chupa huzungumza kana kwamba zimezuka juzi, zimeletwa na bodaboda. Sivyo. Petroli iliingia Usukumani ikiwa ndani ya bati, na kwa miaka mingi watu wa huku hawakuijua pampu.

Bati hilo ni debe. Lilibeba galoni 4, yaani karibu lita 18, na yalikuja mawili mawili ndani ya sanduku la mbao. Muuza duka aliyaweka stoo pamoja na chumvi na marobota ya vitambaa. Mwenye gari alinunua debe zima, akalitoboa, akamimina, akaondoka. Lililobaki halikutupwa. Lilikuwa ndoo ya kisimani, likakunjuliwa likawa paa na mlango, likakatwa likawa koroboi. Zaidi ya yote likawa kipimo: mpaka leo gulioni mahindi na mpunga huuzwa kwa debe, na wakulima hugombana na walanguzi juu ya debe lililojazwa kwa kichwa au kusawazishwa. Hata mpiga debe wa stendi ya Bariadi anayekuvuta mkono upande gari la Mwanza anatembea na jina la bati la mafuta, na sidhani kama anajua.

Tusijione washamba kwa hilo. Mwanamke wa kwanza kusafiri safari ndefu kwa gari, Bertha Benz wa Ujerumani, aliishiwa mafuta njiani mwaka 1888 akayanunua kwenye duka la dawa katika mji wa Wiesloch. Nayo ilikuwa Agosti.

Baada ya debe likaja pipa, lile la lita 200, na pampu ya mkono inayozungushwa mdomoni mwake. Reli ilikuwa imefika Mwanza tangu 1928 ikipitia Malampaka, wilayani Maswa, na pamba ndiyo iliyokuwa na haja ya malori. Muungano wa ushirika wa pamba, VFCU, uliosajiliwa mwaka 1955 chini ya Paul Bomani, ulikuwa na vinu, na kinu hakiwezi kukaa bila lori, wala lori bila pipa. Hivyo ramani ya mafuta ya eneo hili ilichorwa na pamba. Palipo na kinu, soko na basi palipata pampu. Pasipo na hivyo palibaki na pipa la mtu, na mwenye pipa alikuwa mtu wa kuamkiwa.

Historia ya kitaifa inajulikana, sitaichosha kalamu. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER kilianza Kigamboni mwaka 1966, shirika la mafuta la taifa, TPDC, likaundwa 1969, bei ya dunia ikaruka 1973 na tena 1979, mara tu baada ya Vita vya Kagera kutukausha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mafuta yalikuwa yakimeza sehemu kubwa ya fedha za kigeni tulizozipata kwa pamba, kahawa na mkonge. Ndiyo miaka ambayo gari la mtu binafsi lilipigwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia saa 8 mchana. Waliokuwa na umri wa kukumbuka wanajua habari ya kibali na foleni, na wanajua pia kwamba mtu hakuwahi kukosa mafuta kabisa: aliyapata nyuma ya nyumba, kwenye kidumu, kwa bei ya mlanguzi. Mwaka 2000 biashara ya mafuta ikafunguliwa kwa kila mwenye mtaji. TIPER ilikuwa imeshaacha kusafisha mafuta ghafi.

Soko huria lilileta vituo vingi na pia likaleta neno. Petroli na dizeli zilikuwa na kodi kubwa, mafuta ya taa kodi ndogo. Mfanyabiashara mwenye tamaa akachanganya. Kitendo hicho kikaitwa kuchakachua, na kufikia uchaguzi wa 2010 neno lilikuwa limetoka kwenye matangi likahamia kwenye masanduku ya kura. Madereva walijifunza kujikinga. Ukimpa dereva wa zamani petroli asiyoiamini, hakuulizi risiti. Anadondosha tone kwenye kiganja, anapuliza, anasubiri. Petroli safi inaruka mara moja, inaacha ngozi imekauka na baridi. Ikibaki na utelezi, kuna mafuta ya taa ndani. Septemba 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuwanasa wachakachuaji. Kisha, kwenye bajeti ya Juni 2011, Waziri wa Fedha Mustafa Mkulo akapandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400.30 kwa lita, ili kuchanganya kusiwe na faida.

Kwa injini ilikuwa dawa nzuri. Lakini fikiria nani aliilipia. Bariadi ya 2011, wakati huo bado ikiwa mkoani Shinyanga, ilikuwa na vijiji vingi visivyo na nguzo moja ya umeme. Watoto walisomea koroboi. Mama aliyenunua mafuta ya taa kwa kijiko cha kupimia, asiye na gari wala ndugu mwenye gari, alitozwa faini ya mtu aliyechakachua dizeli kwenye kituo asichowahi kukiona. Sijasikia mtu aliyemwomba radhi. Kilichomwokoa ni tochi za Kichina na paneli ndogo za jua.

Kabla vumbi halijatua, ukaja mgomo. Mwanzoni mwa Agosti 2011 EWURA, iliyokuwa ikipanga bei kikomo tangu 2009, ilibadilisha kanuni ya kukokotoa na kushusha petroli kwa zaidi ya shilingi 200 kwa lita. Nchi ikashangilia asubuhi moja tu. Kampuni zikasema zina shehena ziliyoinunua kwa bei ya juu, zikafunga pampu. Bungeni Dodoma, Mbunge wa Nzega Dk. Hamisi Kigwangalla alitoa hoja shughuli zisimamishwe lijadiliwe suala la mafuta, na Waziri wa Nishati William Ngeleja, ambaye bajeti yake ilikuwa imerudishwa mwezi mmoja kabla, akajikuta kikaangoni kwa mara ya pili. EWURA ikazipa BP, Engen, Oilcom na Camel Oil saa 24 kuanza kuuza. BP ikafungiwa leseni kwa miezi mitatu. Kichekesho ni kwamba nusu ya hisa za BP Tanzania zilikuwa za Serikali, kwa hiyo Serikali ilikuwa ikijigomea yenyewe. Siku chache baadaye bei ikapandishwa tena. Kampuni hiyo ikauzwa, leo ni Puma, na nusu ya Serikali imebaki palepale.

Siku zile za mgomo ndizo zilizoipa chupa heshima yake. Mijini watu walikaa foleni mbele ya pampu zilizofungwa. Huku vijijini hapakuwa na pampu ya kufunga. Aliyekuwa na kidumu alipanga bei yake, akamwuzia mwenye mgonjwa na mwenye mzigo kwa bei ileile ya kuumiza. Ulanguzi, ndiyo. Lakini kati ya mlanguzi aliyeuza na kampuni iliyofunga, msafiri alimkumbuka nani?

Tabia za madereva wa huku zinaeleweka ukiyajua hayo. Mgeni hushangaa kuona mshale umelala kwenye nyekundu na dereva anaimba. Si uzembe. Bodaboda ana hesabu ya kumpelekea tajiri jioni, hivyo anaweka ya elfu mbili, anapata abiria, anaweka ya elfu mbili nyingine. Lita ikiwa imepita shilingi 3,000, elfu mbili haifiki hata theluthi mbili za lita. Tangi lililojaa kwake ni mtaji uliolala, tena ni mwaliko kwa mnyonyaji wa usiku mwenye mpira na kidumu. Pikipiki ikianza kukohoa anageuza koki kwenye rizevu. Rizevu ikiisha anashuka, anailaza pikipiki ubavuni kama mtu anayelaza mbuzi, mafuta yaliyojificha upande wa pili wa tangi yanahamia kwenye koki, anapata kilomita mbili tatu. Kisha anafungua kifuniko, anaitikisa, anasikiliza. Sauti ya maji kidogo kwenye mtungi, anaondoka. Kimya, anaanza kusukuma.

Wa fuso ana hesabu zake. Tajiri humpa dizeli ya safari, si ya mshangao. Akiokoa lita chache kwa kuacha gari liteleze mteremkoni bila gia, hizo ni zake, na mnunuzi anamsubiri kijijini na dumu la njano. Ndiyo sababu moja ya wenye malori kuchukia chupa kuliko hata Serikali inavyozichukia. Masika hesabu zote zinavurugika: udongo mweusi wa mbuga unashika magurudumu, lori linakwenda kwa gia ya kwanza saa nzima, na dizeli ya kufika Mwanhuzi, wilayani Meatu, inaishia njiani. Wako wanaosema wako radhi kuzimikiwa popote wilayani Bariadi ila karibu na Gamboshi, na usiku. Jina la kijiji hicho kwa habari za uchawi linatosha kumfanya mtu anunue chupa ya akiba.

Na lipo la uchungu, ambalo halina utani. Nimeshaona gari la wagonjwa limesimama kwa sababu halina mafuta, ndugu wanachangishana chini ya mti. Mafuta yaliyoliondoa yalitoka kwenye chupa.

Mkoa wa Simiyu ulipoanza mwaka 2012, na hasa lami ya Bariadi hadi Lamadi, kilomita 71.8, ilipofunguliwa na Rais Magufuli Januari 2017, vituo viliota kando ya barabara hiyo. Mwaka 2020 zilitoka kanuni zilizolegeza masharti ya kujenga vituo vidogo vijijini, na baadaye wakala wa nishati vijijini, REA, ikaanza kutoa mikopo ya riba nafuu kwa watakaovijenga. Ni hatua njema. Ila mkopo unamtafuta mwenye kiwanja chenye hati na vitabu vya hesabu, na muuza chupa ana kigoda. Kama kweli lengo ni kumwondoa barabarani, njia rahisi ni kumfanya yeye ndiye mwenye kituo, badala ya kumkamata na kumleta mgeni.

EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na kwenye jedwali utaikuta Bariadi, Maswa, Busega kwa Nyashimo, Itilima kwa Lagangabilili na Meatu kwa Mwanhuzi, kila moja na bei yake hadi shilingi ya mwisho. Ni bei za makao makuu ya wilaya. Ukipita hapo unalipa ya chupa. Kwa hiyo msomaji unayetoka Lamadi na safari yako ni Meatu, jaza Bariadi, na usimwamini mshale.