Mrama wa bahari ndani ya simu

Fundi wa simu wa River Road aliigeuza simu yangu: wima, ubavu, wima tena. Picha ikakaa vile vile. "Sensa ndiyo imekufa, boss," akasema. Sensa hiyo, si ile ya kuhesabu watu, ni kijidude kifupi kuliko punje ya mchele. Kutoka kibandani kwake hadi bandari ya Kilindini ni karibu kilomita 500, lakini fumbo ambalo kijidude hicho hulifumbua liliwatesa watu wa bahari kwanza.

Nahodha akitaka kujua kina, hushusha bildi ikagusa chini. Kimo cha wimbi je? Chombo kikienda mrama, hana mahali palipotulia pa kuanzia kupima. Jicho humdanganya. Hata timazi ya mwashi haifai: mwaka 1861 mhandisi Mwingereza William Froude alieleza kuwa timazi fupi ikiwa juu ya kielea kidogo haielekei chini wima, bali hufuata mteremko wa wimbi. Miaka ya 1870 akaunda gurudumu zito lililobembea polepole mno, mawimbi yakapita bila kuliyumbisha, na kalamu ikachora jinsi meli ilivyolala huku na huku.

Mrama ukapimika, wimbi lenyewe likabaki. Mapema miaka ya 1950 Mwingereza mwingine, M. J. Tucker, aliweka vipimo vya shinikizo la maji ubavuni mwa meli, chini ya usawa wa maji, pamoja na kipimo cha mwongezeko wa kasi. Akaacha kabisa kutafuta mahali palipotulia. Alipima jinsi meli inavyosukumwa juu na chini, hesabu ya kwanza ikampa kasi, ya pili ikampa kimo. Akijumlisha na kina cha maji ubavuni, wimbi hilo hapo. Kwangu mimi, hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote.

Waholanzi walikuwa na uchungu wao: mafuriko ya 1953 yaliwaua zaidi ya watu 1,800. Mwaka 1961 ilianzishwa huko kampuni ya Datawell, iliyotengeneza boya la Waverider, tufe linaloelea na kutuma mwendo wake kwa redio.

Kwetu, vipimo vya Mombasa na Lamu hufuata maji kupwa na kujaa, na cha Lamu kilinasa tsunami ya Desemba 26, 2004.

Simu ilikuja mwisho. Ndani yake kipande cha silikoni kimening'inia kwenye springi zisizoonekana kwa macho. Ukiitikisa, kinasogea na umeme hubadilika. Vipande vya aina hiyo vilienea kwanza kwenye mifuko ya hewa ya magari, miaka ya 1990.

Ukipanda mashua kutoka Mokowe kwenda Lamu wakati wa kusi, weka programu ya kusoma sensa hiyo na uilaze simu sakafuni. Mstari utakaopanda na kushuka kwenye kioo ni jinsi mawimbi yanavyoisukuma mashua yako.